Mechi Tano Monastir, Mechi Moja Wimbledon

Mchezaji wa tenisi akienda Monastir, Tunisia, kwenye mashindano ya daraja la chini kabisa la wanaume, akashinda mechi tano mfululizo na kubeba kombe, huondoka na pointi 15 na dola 2,160 ambazo bado hazijakatwa kodi. Anayepata nafasi Wimbledon, akashinda mechi moja na kutolewa katika ya pili, huondoka na pointi 50, na mwaka 2025 malipo yake yalikuwa pauni 99,000. Hata aliyefungwa mechi ya kwanza mwaka huo alilipwa pauni 66,000. Bingwa wa Monastir angelazimika kutwaa mataji 40 hivi ili azifikie hizo pauni 66,000, na mwaka wenyewe una wiki 52 tu.

Kwa mchezaji wa Argentina au wa Misri hiyo ni habari ya mbali. Kwa Mwingereza aliye nafasi ya 500 au 700 duniani ni jambo la nyumbani, kwa sababu Wimbledon iko kwao na mialiko mingi ya mashindano hayo huwaendea wachezaji wa nchi hiyo. Anaweza kuhangaika miezi 11 kwenye viwanja visivyo na mtazamaji, kisha ikifika Juni akajikuta amebakiza ushindi mmoja au miwili aguse fedha ambazo hajawahi kuziona. Ukaribu huo umewainua baadhi yao na kuwadumaza wengine. Dai langu ni kwamba orodha ya ubora wa dunia, pamoja na kupima kipaji, hupima kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana: uwezo wa mtu wa kuendelea kufungwa kwa muda mrefu bila kufilisika. Wanaopanda ni wale waliopata namna ya kuununua muda huo.

Ngazi na vidato vyake

Orodha ya wanaume, inayosimamiwa na ATP, ilianza Agosti 1973. Ya wanawake, ya WTA, ilifuata Novemba 1975. Kwa kanuni za leo pointi hudumu wiki 52, kisha hufutika. Aliyetwaa kombe Machi mwaka jana hana budi kuvuna tena Machi mwaka huu, la sivyo atashuka hata kama hajafungwa na mtu. Majeraha ya goti ya miezi minne yanaweza kumrudisha mtu mahali alipoanzia akiwa kijana wa miaka 18.

Kidato cha chini kinamilikiwa na ITF, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi. Wanaume wana M15 na M25. Wanawake wana W15 na kupanda hadi W100. Juu yake kuna Challenger kwa wanaume, ambazo tangu 2024 zimefika hadi Kigali, na WTA 125 kwa wanawake. Kisha ndipo yanakuja mashindano ya ziara kuu tunayoyaona kwenye televisheni, na kileleni zinakaa Grand Slam nne. Aliye ndani ya nafasi 100 za kwanza au karibu na hapo huingia Grand Slam moja kwa moja. Aliye kati ya hapo na nafasi ya 230 hivi huanzia kwenye mchujo. Walio chini zaidi hawana mlango, isipokuwa wapewe mwaliko maalumu, yaani ruhusa ya kucheza bila kujali nafasi yao.

Sasa tazama mgawanyo wa pointi kwenye M15. Anayefungwa raundi ya kwanza hapati kitu. Anayeshinda mechi moja hupata pointi 1, anayefika robo fainali 2, nusu fainali 4, fainali 8. Maana yake, kijana anaweza kucheza vizuri mwezi mzima, akafika robo fainali kila wiki, na mwisho wa mwezi akawa na pointi 8. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini katika tenisi aliye juu ana sababu nyingi za kutoshuka: hucheza mahali ambapo ushindi mmoja unamlipa zaidi ya mataji matatu ya huku chini.

Hesabu ya mfukoni

Maisha ya kidato cha chini yana sura yake. Monastir, Antalya ya Uturuki na Sharm El Sheikh ya Misri zimezoea kuandaa mashindano wiki baada ya wiki kwenye hoteli moja. Mchezaji hufika Jumamosi akiwa na mfuko wa raketi sita au nane, hulala chumba cha kushirikiana na mwenzake ambaye huenda akakutana naye uwanjani keshokutwa, na hufua fulana zake kwenye beseni. Hakuna waokota mipira, kwa hiyo kati ya pointi na pointi anatembea hadi ukutani kuifuata. Watazamaji ni makocha wawili watatu na labda mpinzani wake wa kesho. Akifungwa raundi ya kwanza analipwa dola 156, anabaki hapo hapo akifanya mazoezi na kulipia chumba, akisubiri mashindano ya wiki inayofuata yaanze.

ITF yenyewe iliwahi kupiga hesabu hizi. Uchunguzi wake wa takwimu za 2013 ulionyesha kuwa takriban watu 14,000 walicheza mashindano ya kulipwa mwaka huo, na karibu nusu yao hawakupata hata senti. Gharama za wastani za mwaka, bila kumhesabu kocha, zilikuwa dola 38,800 kwa mwanaume na dola 40,180 kwa mwanamke. Mwanaume alihitaji kuwa karibu na nafasi ya 336 ili mapato yafidie matumizi, na mwanamke nafasi ya 253. Ongeza mshahara wa kocha na tiketi yake ya ndege, na mstari huo unapanda juu zaidi. Ndiyo maana wengi wa chini husafiri peke yao, na makosa ya mchezo wao hayana mtu wa kuyaona.

Mahali penye njaa hapakosi mnunuzi. Mwaka 2012 ITF iliingia mkataba wa kuuza takwimu za moja kwa moja za mechi zake, na ghafla mechi iliyochezwa mbele ya watu watano ikawa inachezewa kamari duniani kote. Jopo huru lililoongozwa na wakili Adam Lewis lilitoa ripoti mwaka 2018 likaeleza jinsi ngazi za chini zilivyogeuka shamba la upangaji matokeo, na likapendekeza uuzaji wa takwimu hizo usitishwe kwenye madaraja ya chini kabisa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: anayelipwa dola 156 akifungwa, halafu akaahidiwa mara 10 ya hizo ili apoteze seti moja, yumo kwenye mtihani ambao mfumo wenyewe ndio uliomtungia.

Neema ya Juni na mtego wake

Kwenye umaskini huo wa jumla, Mwingereza ana nafuu. Faida ya Wimbledon, makumi ya mamilioni ya pauni kila mwaka, huenda kwa LTA, chama cha tenisi cha nchi hiyo kilichoanzishwa 1888. Kituo cha taifa cha Roehampton, kusini-magharibi mwa London, kilifunguliwa 2007 kikiwa na viwanja vya nyasi, vya udongo na vya ndani. Walioteuliwa kwenye mipango ya LTA hupata makocha, matibabu na ruzuku ambazo mchezaji wa nchi nyingine nyingi huzisikia tu.

Halafu kuna Juni. Kwa wiki chache msafara wa tenisi huhamia Uingereza, viwanja vya nyasi hufunguliwa Nottingham, Birmingham, Ilkley na kwingineko, na wenyeji hupewa mialiko. Mchezaji wa nafasi ya 400 anaweza kucheza Challenger mbili tatu, mchujo wa Wimbledon, na akibahatika, Wimbledon yenyewe. Mapato ya wiki hizo yanaweza kuzidi ya miezi mingine yote kwa pamoja.

Mtego umo humo humo. Nyasi huchukua sehemu ndogo sana ya kalenda ya tenisi. Mwaka uliobaki ni wa viwanja vigumu na udongo. Anayejenga mchezo wake kwa ajili ya wiki tano za nyasi anajifunza stadi zisizomfaa wiki nyingine. Na hundi ya raundi ya kwanza ya Wimbledon, ikija kila mwaka kwa hisani ya waandaaji, inaweza kumhalalishia mtu aliyekwama kuendelea kukwama. Lawama hizo zimewaandama wachezaji wa Uingereza kwa vizazi, hasa katika miaka ambayo Andy Murray alikuwa karibu peke yake kileleni. Tukumbuke kwamba Murray mwenyewe aliondoka Scotland akiwa na miaka 15 kwenda kujifunza Barcelona, kwenye udongo.

Kisa kinachotajwa sana cha neema ya Juni ni cha Marcus Willis. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 25, nafasi ya 772, akifundisha tenisi klabuni Warwick, na alikuwa amekaribia kuhamia Marekani kuwa kocha. Akaingia mashindano ya awali ya kuwania nafasi za mchujo, akashinda mechi tatu. Akashinda tatu nyingine za mchujo. Raundi ya kwanza ya Wimbledon akamfunga Ričardas Berankis wa Lithuania, aliyekuwa nafasi ya 54, kwa seti tatu kavu. Siku mbili baadaye alikuwa Centre Court, uwanja mkuu wa Wimbledon, mbele ya Roger Federer, akifungwa 6-0, 6-3, 6-4 huku uwanja mzima ukimshangilia.

Magazeti yalikiita hekaya, na kweli kilifurahisha. Kwa mchambuzi kina funzo jingine. Pauni 50,000 alizopata Willis zilimpa pumzi, lakini hazikumfikisha 100 bora. Pointi za wiki ile zilifutika baada ya mwaka, kama kanuni inavyotaka, na hakuwa amejenga mkondo wa ushindi wa kuzijaza. Alistaafu 2021, kisha akarejea kama mchezaji wa wawili-wawili. Wiki moja nzuri humpandisha mtu orodhani. Kubaki huko kunahitaji wiki nyingine 20 zinazokaribia ile.

Waliopita na njia zao

Tuwatazame basi waliopanda. Emma Raducanu aliingia Wimbledon 2021 kwa mwaliko akiwa nafasi ya 338 na akafika raundi ya nne. Alichofanya baadaye hakikumbukwi sana: alikwenda Marekani kucheza mashindano ya ITF ya Landisville, Pennsylvania, na WTA 125 ya Chicago, ambako alifika fainali. Alipotokea New York kwa mchujo wa US Open alikuwa nafasi ya 150 na miguu yake ilishazoea uwanja mgumu. Alishinda mechi 10 bila kupoteza seti, akawa mchezaji wa kwanza katika zama hizi za tenisi ya kulipwa kutwaa Grand Slam akitokea kwenye mchujo. Kipaji chake hakina ubishi. Lakini wiki zile za Pennsylvania na Chicago ndizo zilizoibadilisha fursa ya Juni kuwa kitu cha Septemba.

Billy Harris, aliyekulia Kisiwa cha Man, alipita njia ndefu. Hakuwa na fedha za ndege na hoteli, kwa hiyo kwa miaka kadhaa alizunguka Ulaya akiendesha gari aina ya Ford Transit lenye kitanda nyuma na mashine yake ya kufunga nyuzi za raketi. Mashine hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwani raketi za mchezaji wa kulipwa hufungwa nyuzi upya mara kwa mara, na kila mara ni gharama. Kwa kulala garini na kufunga nyuzi mwenyewe, Harris alijinunulia wiki za kufungwa kwa bei ndogo kuliko wenzake. Alikuwa na miaka 29 alipofika robo fainali ya mashindano ya Queen's na nusu fainali ya yale ya Eastbourne mwaka 2024, akagusa ukingo wa 100 bora.

Liam Broady wa Stockport alifika fainali ya Wimbledon ya vijana 2011 na ya US Open ya vijana 2012. Aliingia 100 bora kwa mara ya kwanza 2023, akiwa na miaka 29, mwaka uleule alipomtoa Casper Ruud Wimbledon. Zaidi ya miaka 10 ilipita kati ya kuitwa nyota ajaye na kuwa mchezaji anayejilipia. Wazazi wanaopima watoto wao kwa mataji ya vijana wangefaidika kuitazama kalenda yake.

Njia inayozaa zaidi siku hizi, hata hivyo, inapitia vyuo vikuu vya Marekani. Cameron Norrie alisoma Texas Christian University, TCU, akaanza tenisi ya kulipwa kwa ukamilifu 2017, na kufikia 2022 alikuwa wa nane duniani. Mskoti Jacob Fearnley alipita chuo hichohicho. Juni 2024, akiwa nje ya 500 bora, alitwaa Challenger ya Nottingham, kisha akamnyang'anya Novak Djokovic seti moja Wimbledon. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ametwaa Challenger nyingine tatu, Lincoln huko Nebraska, kisha Rennes na Orléans za Ufaransa, na akaingia 100 bora.

Siri ya chuo ni hesabu ileile ya gharama. Kwa miaka minne mchezaji anapata kocha, daktari, chakula, safari na mechi ngumu kila wiki, na bili inalipwa na chuo. Anafungwa bure. Akimaliza ana miaka 22, mwili umekomaa, na ana shahada ya kuangukia tenisi ikimkataa. Mkenya Angella Okutoyi, bingwa wa Wimbledon ya vijana kwa wawili-wawili 2022, alichukua njia hiyohiyo alipokwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Mantiki ni moja kwa wa Nairobi na wa Glasgow.

Chuo kina vikwazo vyake pia. Oliver Tarvet wa St Albans, aliyekuwa akisoma San Diego, alipita mchujo wa Wimbledon 2025 akiwa nafasi ya 733, akashinda raundi ya kwanza na kwenda kupambana na Carlos Alcaraz. Kanuni za michezo ya vyuo zilimruhusu kuchukua dola 10,000 kwa mwaka pamoja na kurudishiwa gharama. Sehemu kubwa ya pauni 99,000 ilimpita. Wala chuo si dhamana. Paul Jubb wa Hull alikuwa bingwa wa vyuo vyote vya Marekani 2019, na 2022 alimfikisha Nick Kyrgios seti tano Wimbledon, lakini 100 bora haikumfungukia kama ilivyomfungukia Fearnley.

Milango iliyobanwa

Tangu Januari 2021 Mwingereza amepoteza kitu alichokuwa nacho bure. Baada ya nchi yake kutoka Umoja wa Ulaya, anaruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen bila viza. Mashindano mengi ya chini na ya kati yako Ufaransa, Hispania, Italia, Ureno na Ujerumani, na siku za mazoezi zinahesabiwa sawa na za mechi. Zamani kijana angeweza kuhamia akademia ya Hispania mwaka mzima, kama Murray, na kuongeza kipato kwa kuchezea klabu za ligi ya Ujerumani wakati wa kiangazi. Sasa anahesabu siku. Nyota ana wanasheria wa kumtafutia viza. Wa nafasi ya 600 ana kalenda ya simu yake.

Wakuu wa tenisi nao wamejaribu kuirekebisha ngazi, mara nyingine kwa kuivunja. Januari 2019 ITF ilianzisha utaratibu mpya uliozinyima M15 pointi za ATP, kwa lengo la kupunguza idadi ya wanaojiita wachezaji wa kulipwa. Mamia ya watu walijikuta hawamo tena kwenye orodha, na nafasi za kuingia mashindanoni zikawa adimu. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Agosti ya mwaka huohuo pointi zilirudishwa. Jaribio la busara zaidi lilitoka ATP, ambayo mwaka 2024 ilianza kuwahakikishia wachezaji kipato cha chini: dola 300,000 kwa walio 100 bora, 150,000 hadi nafasi ya 175, na 75,000 hadi nafasi ya 250. Ni hatua kubwa, lakini inaishia hasa pale ambapo shida kubwa inaanzia.

Mwaliko wa kushinda

Kama kuna nchi ambayo Waingereza wangeiangalia kwa makini, ni Italia. Kwa miaka mingi Waitalia wameandaa Challenger na mashindano ya ITF kwa wingi katika miji yao midogo, na kuwaalika vijana wao. Februari 2019 mmoja wao, Jannik Sinner, akiwa na miaka 17 na nje ya 300 bora, alipewa mwaliko wa Challenger ya Bergamo. Akatwaa kombe. Alisafiri ndani ya nchi yake, akapambana na watu aliokuwa na uwezo wa kuwafunga, na pointi alizopata zikamfungulia mlango wa juu.

Hapo ndipo tofauti ya mialiko inapoonekana. Mwaliko wa Wimbledon humpa mchezaji wa chini fedha na, mara nyingi, kipigo cha heshima. Mwaliko wa Challenger humpa nafasi ya kushinda mechi nne au tano katika wiki moja, na ushindi ndio unaokusanya pointi. LTA imeongeza mashindano ya ndani katika miaka ya karibuni, na hiyo ni kazi yenye tija kuliko mikutano mingi na waandishi wa habari: kijana anayecheza Sunderland au Shrewsbury hahitaji ndege, hahesabu siku za Schengen, na kocha wake anaweza kuja kwa treni. Hundi moja ya aliyetolewa raundi ya kwanza Wimbledon 2025 inakaribia kutosha kulipia zawadi zote za mashindano sita ya M15. Hakuna anayedai Wimbledon iwapunguzie wachezaji wake. Lakini chombo kinachopokea faida yake kina uwezo wa kuzigeuza fedha za wiki mbili kuwa mechi za mwaka mzima, na kila wiki ya ziada ya nyumbani ni wiki ambayo kijana wa familia ya kawaida anaweza kumudu kufungwa.

Kwa shabiki, kipimo ni rahisi kuliko takwimu zote hizi. Julai ijayo atatokea Mwingereza mwingine wa nafasi ya 500 au 700 atakayeshangiliwa kwenye nyasi, na wachambuzi watamtabiria makubwa. Tazama amejiandikisha wapi Agosti hadi Novemba. Jina lake likikosekana kwenye Challenger za Marekani na Ufaransa, mwaka unaofuata huenda akawa anaomba mwaliko tena. Likiwepo wiki baada ya wiki, hata kwa kutolewa raundi ya pili, huyo ameshaanza kupanda.